Zamu ya Kumi Ina Bei Gani? Namna ya Kupima Biashara ya Drafti Ukiwa Juba

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Juni 2025, Juba ikiwa imeshapita saa nane, Khaman Maluach aliitwa wa kumi katika drafti ya NBA iliyokuwa ikifanyika Brooklyn, New York. Kijana huyu alizaliwa Rumbek na kukulia Kawempe, Kampala. Alipanda jukwaani na kofia ya Houston Rockets, akapeana mkono na kamishna Adam Silver, kisha akalia mbele ya kamera. Houston hakwenda. Tangu tarehe 22 Juni timu hiyo ilikuwa imeshakubaliana na Phoenix Suns kwamba Kevin Durant aende Houston, na Phoenix ipate Jalen Green, Dillon Brooks, zamu hiyo ya kumi na zamu tano za raundi ya pili. Makaratasi yalikamilika tarehe 6 Julai, wakati huo biashara ikiwa imeshavuta timu saba.

Waliokesha na simu mkononi walibaki wakibishana. Zamu ya kumi ni bei kubwa au ndogo? Phoenix ilipunjwa au ilipata? Ubishi huo una njia ya kuumaliza, na mtu yeyote mwenye daftari na kalamu anaweza kuijua. Naiandika kwa mashabiki, lakini zaidi kwa wazazi, wajomba na makocha wa Juba wenye vijana warefu wanaoanza kupigiwa simu kutoka ng'ambo. Watu watakaowatajia namba hizi wamezizoea kwa miaka mingi. Ni haki kwamba na ninyi mkae mezani mkizijua.

Kwanza ujue kinachouzwa. Kila mwaka kila timu kati ya 30 za NBA hupewa zamu moja ya kuchagua mchezaji mpya katika raundi ya kwanza na nyingine katika raundi ya pili. Raundi ya kwanza ni namba 1 hadi 30, ya pili 31 hadi 60, ingawa timu ikinyang'anywa zamu kwa adhabu idadi hupungua. Mwaka 2025 zilikuwa 59. Timu 14 zilizokosa mtoano huingia kwenye bahati nasibu inayoamua zamu nne za juu, na kwa utaratibu ulioanza 2019, timu tatu zilizofanya vibaya kuliko zote zina asilimia 14 kila moja ya kupata namba moja. Kushindwa sana, kwa hiyo, hakukuhakikishii chochote. Mwaka huo wa 2025 Dallas ilikuwa na asilimia 1.8 tu, ikapata namba moja na kumchukua Cooper Flagg, aliyecheza na Maluach katika Chuo Kikuu cha Duke.

Zamu hiyo ni mali. Timu inaweza kuiuza miaka kadhaa kabla haijajulikana itaangukia namba gani, kama mkulima anayeuza mahindi yakiwa bado shambani: mnunuzi analipa leo huku akikisia mvua. Ndiyo maana bei ya zamu haisomwi kwenye namba peke yake. Kuna maswali ya kuuliza, na la kwanza ndilo linalosahauliwa mno.

Zamu hii asili yake ni ya timu gani? Usimtazame anayeiuza, ifuate hadi nyumbani kwake. Ile ya kumi iliyomchukua Maluach ilitangazwa kwa jina la Houston, lakini ilikuwa ya Phoenix yenyewe. Februari 2023 Phoenix iliipa Brooklyn Nets zamu zake za raundi ya kwanza za 2023, 2025, 2027 na 2029, pamoja na wachezaji, ili impate Durant. Mwaka 2024 Brooklyn ikapitisha sehemu ya mali hiyo kwa Houston. Wakati wa kuziuza, Phoenix iliamini itakuwa inagombea ubingwa, na zamu ya timu inayogombea ubingwa huangukia karibu na namba 30. Msimu wa 2024–25 ikamaliza na ushindi 36 na vipigo 46, na zamu ikaangukia 10. Kisha ikamtoa Durant yule yule ili, pamoja na mengine, ijirudishie zamu yake. Durant alikuwa na umri wa miaka 34 alipofika Phoenix. Hapo ndipo jicho la mpimaji linapotakiwa kutua: nyota wa timu inayouza ana umri gani, na atakuwa na umri gani mwaka ambao zamu itaiva? Timu ya wazee ikikuuzia zamu ya miaka minne ijayo, huenda imekuuzia kitu kikubwa kuliko inavyodhani.

Mfano mkubwa kuliko yote wa kosa hilo ni wa Brooklyn ya mwaka 2013. Iliipa Boston zamu za raundi ya kwanza za 2014, 2016 na 2018 bila kinga yoyote, na haki ya kubadilishana zamu mwaka 2017, ili ipate Kevin Garnett na Paul Pierce waliokuwa wamefika jioni ya kazi yao. Brooklyn ikaporomoka. Kutokana na zamu hizo Boston ikampata Jaylen Brown mwaka 2016, na mwaka uliofuata Jayson Tatum, baada ya kuiuzia Philadelphia namba moja na kushuka hadi namba tatu. Wawili hao ndio waliobeba ubingwa wa 2024.

Swali la pili ni la mwaka, na hapa tuna somo letu wenyewe. Mwaka 2004 Luol Deng, mzaliwa wa Wau, alichaguliwa wa saba. Phoenix ndiyo iliyomtaja, lakini ilikuwa inamchagulia Chicago Bulls. Chicago ilitoa Jackson Vroman, fedha, na zamu yake ya raundi ya kwanza ya 2005. Jiweke katika nafasi ya Phoenix usiku ule. Chicago ilikuwa imetoka kushinda michezo 23 na kupoteza 59. Zamu ya timu kama hiyo mwakani inaonekana ni dhahabu. Ila Deng na wenzake wapya, akiwemo Ben Gordon, waliibadilisha Chicago ndani ya msimu mmoja. Ikashinda michezo 47, na zamu iliyouzwa ikaangukia namba 21. Aliyechaguliwa kwayo, Nate Robinson, akapelekwa New York usiku huo huo. Kwa hiyo ukimuuzia mtu mchezaji na kulipwa kwa zamu yake mwenyewe, jiulize kama mchezaji unayemuuzia hatashusha bei ya malipo yako. Deng aliishusha. Chicago ikamweka karibu miaka kumi.

Sheria mbili zinabana biashara ya miaka ya mbele. Timu hairuhusiwi kuuza zamu ya zaidi ya miaka saba ijayo. Vilevile hairuhusiwi kujiacha bila zamu ya raundi ya kwanza kwa miaka miwili ijayo inayofuatana. Sheria hii hubeba jina la Ted Stepien, mmiliki wa Cleveland wa miaka ya 1980 aliyeuza zamu hadi ligi ikaingilia kati. Ndiyo sababu utaona timu zikiuza mwaka mmoja, zikiruka mwingine: 2023, 2025, 2027, 2029.

Swali la tatu, kinga, ndilo linalowapoteza hata wachambuzi wa redio. Zamu yenye kinga ni zamu yenye sharti: ikiangukia ndani ya namba fulani za juu, mwenyewe anabaki nayo, na deni linasogezwa mwaka unaofuata au linageuka kitu kingine. Ukisikia “raundi ya kwanza” bila kusikia kinga yake, hujasikia bei.

Tumfuate tena Deng. Januari 2014 Chicago ilimpeleka Cleveland. Ilimpata Andrew Bynum, ikamwacha mara moja ili kupunguza gharama za mishahara, na ikapewa zamu mbili za raundi ya pili, haki ya kubadilishana zamu ya 2015, na kitu kilichoonekana kuwa ndicho kikubwa: zamu ya raundi ya kwanza ya Sacramento Kings ambayo Cleveland ilikuwa ikiidai. Kinga yake ilikuwa namba 12 za juu mwaka 2014, kisha namba 10 za juu kuanzia 2015 hadi 2017. Magazeti yaliandika kwamba Chicago imepata zamu ya raundi ya kwanza. Sasa hesabu. Mwaka 2014 Sacramento ilichagua wa nane. Mwaka 2015 wa sita. Mwaka 2016 wa nane tena. Mwaka 2017 ilipata namba tatu, ikabadilishana na Philadelphia na kuchagua wa tano. Kila mwaka Sacramento ilifanya vibaya kiasi cha kuilinda zamu yake. Muda ukaisha, deni likageuka kuwa zamu ya raundi ya pili, namba 38 ya mwaka 2017. Chicago ikamchagua Jordan Bell kwa zamu hiyo na usiku ule ule ikamuuza kwa Golden State kwa dola milioni 3.5 taslimu. Mchezaji aliyekuwa ameitwa All-Star mara mbili, uti wa mgongo wa timu kwa muongo mzima, na kilichotokana na ile ahadi kubwa ni hundi moja. Hadi leo naona hiyo ni biashara mbaya, ingawa mkataba wa Deng ulikuwa unakwisha kiangazi kile na Chicago ingeweza kumpoteza bure.

Kanuni ninayoitumia: nikiona kinga, ninaandika ubavuni mambo mawili. La kwanza, timu hiyo inatakiwa iwe nzuri kiasi gani ili zamu itoke? La pili, isipotoka kabisa, kinachobaki ni nini? Bei ya kweli huwa kati ya hayo mawili, na mara nyingi iko karibu zaidi na hilo la pili.

Ndipo tuje kwenye namba yenyewe. Thamani haishuki sawasawa kama ngazi za nyumba. Mwanzoni inaporomoka, halafu inatulia. Mwaka 2018 Dallas ilikuwa na namba 5 na ilimtaka Luka Dončić aliyechukuliwa na Atlanta kwa namba 3. Kupanda nafasi mbili tu kuliigharimu, pamoja na Trae Young, zamu nyingine ya raundi ya kwanza ambayo mwaka uliofuata iliangukia 10. Lakini kutoka 24 kwenda 22 unaweza kulipia zamu ya raundi ya pili na watu wakaridhika. Mimi huzigawa hivi: namba 1 hadi 4 ni fungu la peke yake, na hakuna wingi wa zamu za ishirini na kitu unaolinunua, 5 hadi 14 ni fungu la wachezaji ambao timu inatarajia waanze mchezo siku moja, 15 hadi 30 ni la kubahatisha kwa busara, 31 hadi 45 lina faida yake ya pekee, nitaieleza, 46 kwenda chini karibu kila kitu hutegemea jitihada ya mchezaji na nafasi atakayoikuta. Maluach alikuwa fungu la pili. Thon Maker, mzaliwa wa Wau, naye alichaguliwa wa kumi, na Milwaukee, mwaka 2016. Namba ni ile ile. Tofauti ni kwamba Milwaukee ilimchagua Maker kwa zamu yake, wakati Maluach alikuwa sehemu ya malipo ya mmoja wa wafungaji wakubwa wa historia ya mchezo huu. Timu iliyolipa hivyo itakuwa na subira zaidi, walau mwanzoni, kwa sababu viongozi wake watahojiwa kuhusu kijana huyo kila mwaka.

Faida ya 31 hadi 45 ni ya timu kuliko ya mchezaji. Mchezaji wa raundi ya kwanza hulipwa kwa kiwango kilichopangwa kulingana na namba yake. Miaka miwili ya kwanza imehakikishwa, na miwili inayofuata ni uamuzi wa timu. Wa raundi ya pili hana uhakika huo, hujadiliana. Kwa familia, kati ya 30 na 31 kuna korongo. Kwa timu, 31 ni karibu kipaji kile kile bila mzigo wa mkataba wa lazima. Nikola Jokić alikuwa wa 41 mwaka 2014.

Vijana wetu wengi wameangukia huko, na zamu zao zimetumika kwa kazi tofauti. Bol Bol, mwana wa marehemu Manute Bol, alitarajiwa juu sana, akaumia mguu akiwa Oregon baada ya michezo tisa, na mwaka 2019 akaitwa wa 44. Miami ndiyo iliyomtaja. Denver ikamchukua kwa kutoa fedha na zamu ya raundi ya pili ya 2022. JT Thor, mtoto wa wazazi wa Sudan Kusini aliyekulia Alaska, alichukuliwa kwa namba 37 mwaka 2021. Zamu hiyo ilikuwa ya Detroit, lakini Detroit ilikuwa inataka kuondokana na mshahara wa Mason Plumlee. Ikaipa Charlotte Plumlee pamoja na 37, yenyewe ikapokea 57. Yaani zamu ya Thor ilikuwa kishawishi cha kuifanya Charlotte ikubali mzigo. Alikaa Charlotte misimu mitatu. Marial Shayok wa 54 mwaka 2019 alicheza michezo minne tu Philadelphia, akaenda kujenga maisha yake ya mpira nje ya NBA, na akawa nguzo ya timu ya taifa. Ater Majok wa 58 mwaka 2011 hakucheza NBA kabisa.

Bei pia hutembea, na aliyeonyesha hilo mapema ni Manute mwenyewe. Washington Bullets walimchukua wa 31 mwaka 1985, na msimu wake wa kwanza akaongoza ligi kwa kuzuia mitupo, wastani wa mitano kwa mchezo. Mwaka 1988 Washington ikamtoa kwenda Golden State kwa Dave Feitl na zamu ya raundi ya pili. Huko akaongoza ligi tena. Mwaka 1990 Golden State ikamuuza Philadelphia kwa zamu ya raundi ya kwanza, iliyokuja kumchukua Chris Gatling. Mtu yule yule, urefu ule ule, miaka miwili, na bei ikapanda raundi nzima.

Sasa kwenu wenye kijana. Mchezaji aliyechaguliwa hana sauti kuhusu timu itakayomshika. Anaweza kuuzwa kabla hajavua kofia. Kwa hiyo lengo la “aitwe tu, hata wa mwisho” nalipinga. Anayeitwa wa 57 haki zake zinashikwa na timu moja, hata kama haina nafasi yake. Asiyeitwa yuko huru asubuhi yake kuchagua mwenyewe timu yenye upungufu. Wenyen Gabriel hakuitwa mwaka 2018. Akaanzia Sacramento, na mwaka 2023 alikuwa na Lakers waliofika fainali ya Magharibi. Duop Reath, mzaliwa wa Waat aliyekulia Australia, hakuitwa pia, akazunguka ligi za nje na kuingia Portland mwaka 2023. Wakala akiwaambia timu fulani inataka kumchukua kijana mwishoni mwa raundi ya pili, muulizeni ina wachezaji wangapi wa nafasi yake, na kama inampa mkataba kamili au ule wa kuzungushwa kati ya NBA na ligi ya chini yake, ambao kila timu ina nafasi tatu tu.

Wakala mwenyewe awe amesajiliwa na chama cha wachezaji wa NBA, na hilo linaweza kuthibitishwa. Malipo yake ni asilimia ya mkataba baada ya kusainiwa. Anayewaomba fedha mapema, za “kumwandikisha kwenye drafti”, mwondoeni nyumbani. Tarehe ya kuzaliwa katika cheti, pasipoti na karatasi za shule ifanane. Umri ni sehemu kubwa ya bei, na tarehe zinazopishana humshusha kijana hata kama hana kosa. Mchezaji kutoka nje ya Marekani anatakiwa atimize miaka 19 ndani ya mwaka wa drafti, na mwaka anaotimiza 22 anaingia moja kwa moja. Aliyejiandikisha kabla ya hapo anaweza kujiondoa hadi siku kumi kabla. Tumieni haki hiyo bila aibu. Mwaka mmoja zaidi wa kuonekana unaweza kumhamisha fungu zima. Maluach alionekana kwanza: akademia ya NBA pale Saly, Senegal, ligi ya Afrika ya BAL akiwa na City Oilers ya Kampala, Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17, kisha mwaka mmoja Duke.

Wenye mabinti nao wajue kwamba WNBA ina drafti yake ya raundi tatu, na timu zake zina nafasi chache mno, kiasi kwamba aliyechaguliwa raundi ya kwanza huweza kuachwa kabla msimu haujaanza. Awak Kuier, binti wa wazazi wa Sudan Kusini aliyekulia Finland, aliitwa wa pili mwaka 2021 na Dallas Wings. Kwa vijana wetu, wa kiume na wa kike, hakuna aliyeitwa juu zaidi.

Turudi kwenye daftari na biashara ya Maluach, maana haijaisha. Chora mistari minne: zamu ni ya nani, mwaka gani, kinga gani, namba inayokisiwa. Halafu ongeza wa tano: kikosi atakachokikuta kijana. Siku ile ile ya drafti Phoenix ilimchukua pia Mark Williams kutoka Charlotte, mchezaji wa nafasi ile ile ya chini ya kikapu, na Williams alikuwa ameshacheza misimu mitatu. Hilo linapunguza dakika za Maluach mwanzoni, bila kujali namba yake.

Na katika mstari wa kwanza andika hili: Houston ilipomchukua Durant ilibaki na zamu ya raundi ya kwanza ya Phoenix ya mwaka 2027. Phoenix haina faida yoyote ya kushindwa msimu huo, kwa kuwa vipigo vyake vitamnufaisha mwingine. Kila Maluach anapokua na kuisaidia kushinda, zamu iliyo mkononi mwa Houston inashuka bei. Fungua jedwali la msimamo wa Kanda ya Magharibi, tafuta Phoenix ilipo, na uandike tarehe pembeni.